Uzito wa mpandaji sio tatizo lote
Kuna mwandishi wa makala anadai kwenye mbio ndefu za farasi mpandaji mwepesi anapendelewa, kwa hiyo wote wafikishwe uzito mmoja ndio haki itapatikana, hapo sikubaliani kabisa. Nimetunza farasi hapa Dar upande wa Kunduchi, na wanaorudi mgongo umechubuka mara nyingi sio waliobeba mtu mzito, ni waliobeba mtu anayedundadunda juu ya tandiko, yaani kama abiria wa bodaboda asiyejua kukaa, hata awe na kilo 50 dereva atahangaika naye njia nzima. Sasa huyo mwepesi ukimwekea vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko afike kilo 75 wanazotaka FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, kwenye ubingwa wa wakubwa, ule mzigo haujui kuinuka wala kufuata mwendo wa farasi, anayeumia ni mnyama! AERC, chama cha mbio ndefu za farasi kule Marekani, wanagawa madaraja, unapimwa pamoja na tandiko lako, mzito ni kuanzia pauni 211, unashindana na wenye uzito kama wako, mi naona hiyo ndio haki. Tena kuna utafiti ulifanyika miaka ya 90 kwenye Tevis Cup, zile mbio za kilomita 160 za California, ukaonyesha uzito wa mpandaji haukuamua nani amalize, kilichoamua ni hali ya mwili wa farasi, waliokonda ndio wengi walikwama. Nyie mnaopanda kwenye joto letu hili, farasi wenu anachoka kwa uzito au kwa mnavyomwendesha?