Picha za zamani ziacheni na vumbi lake

Siku hizi ukiweka picha ya zamani kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, haipiti robo saa kijana mmoja ameirudisha "imesafishwa". Nyuso zimenyooka, ngozi zinang'aa, nyeusi na nyeupe imekuwa ya rangi, na kila mtu anaandika mashaallah. Mimi siandiki. Nataka nieleze kwa nini, maana jambo hili limeingia mpaka kwenye maboksi yangu mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Tumekua kwa miguu, punda na mashua, na picha kwetu ilikuwa kwenda Bakor Studio umevaa vizuri, ukae utulie. Nilipohamia Malindi kutafuta kazi ya hoteli ndipo nilipopata kamera yangu, na ikawa na kazi mbili: taarabu za harusi, ambazo wenye shughuli waliniita na kunilipa, na Safari Rally, ambayo nililipa mimi nauli mpaka Taita kila Pasaka nilipoweza. Mtoto wa kisiwa, gari la mashindano likinipita karibu nilikuwa nasahau hata kuvuta pumzi.

Kwa walio wadogo: Safari ile si hii ya Naivasha iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia 2021. Mashindano yalianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yakawa kwenye ubingwa wa dunia kuanzia 1973 mpaka 2002. Miaka ya 1980 njia ilikuwa kilomita 4,000 na zaidi, na barabara haikufungwa. Gari la mashindano lilikuwa likikutana na matatu, lori la mkaa na ng'ombe. Pasaka huangukia masika, kwa hiyo dereva alipata matope au vumbi, na mara nyingi vyote viwili siku moja. Hasa vumbi: magari yaliachiwa moja moja kwa kupishana, na bado aliyemkuta mwenzake mbele alikuwa akiendesha ndani ya wingu jekundu bila kuona kitu.

Sasa, ipo picha yangu moja ya Taita. Celica ya Toyota inatoka kwenye kona, magurudumu ya nyuma yako nje ya barabara. Kioo cha mbele ni tope tupu isipokuwa nusu duara mbili za waipa. Kwenye mlango tope limefunika maandishi mengi, lakini ukiweka lenzi unasoma mwisho wa jina: DEGÅRD. Basi ni Björn Waldegård, Mswidi aliyeshinda Safari mara nne, 1977, 1984, 1986 na 1990. Bahasha imeandikwa "Taita, Pasaka" bila mwaka. Nyuma yake hakuna kitu ila vumbi, na ndani ya vumbi taa mbili za gari jingine.

Mpwa wangu aliichukua akaipitisha kwenye programu ya simu. "Mjomba, tazama sasa, imetakata!" Kweli ilitakata. Tope liliondoka kwenye kioo na ndani mkatokea uso wa mtu, kijana mwenye masharubu, ambaye hakuwa kwenye gari lile wala gari lolote. Mlangoni palikuwa na herufi nzuri zilizopangwa mstari mmoja, hakuna hata moja inayosomeka. Vumbi lilikuwa limegeuzwa vichaka, na zile taa mbili hazipo. Kile nilichopanda basi kwenda kukiona, yaani mtu anayeendesha bila kuona na mwingine anamfuata nyuma, kimefutwa chote, na kilichobaki ni gari safi porini.

Kijana hakukusudia ubaya. Alitaka kunifurahisha, na ndiyo sababu naandika kwa upole. Lakini programu ile haisafishi. Haijui chini ya tope kuna nini, kwa hiyo inabuni kwa kufuata picha nyingine ilizofunzwa nazo, halafu inakurudishia kwa uhakika uleule inaokurudishia kile kilichokuwepo kweli.

Picha ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi. Ni usiku wa harusi mtaani Shela, ya hapa Malindi, si ile ya Lamu. Hizo ni enzi ambazo ukimpata Juma Bhalo au Zein l'Abdin, waimbaji wakubwa wa taarabu, kwenye harusi yako mji mzima utaizungumza. Aliyewakosa alichukua kikundi cha hapa hapa, na hiki kilikuwa cha hapa hapa. Mwimbaji yuko kwenye maikrofoni, nyuma yake akodioni na tabla. Mbele kabisa, ametupa mgongo, mama mmoja amekwenda kutunza: mkono umeinuka, noti imekunjwa kwa urefu baina ya vidole viwili. Amejitanda leso. Mwanga wa kamera umempata mgongoni, na juu ya pindo linaonekana jina la leso, nusu yake imezama kwenye mkunjo, mwisho wake umefunikwa na kiwiko cha mtu.

Programu iliipa leso ile rangi ya buluu na njano na maua ambayo hayakuwepo. Jina likawa vistari. Na mama akavishwa pete.

Nikaichukua nakala ya karatasi, ile ya asili, nikampelekea shoga wa marehemu mama yangu, ambaye macho yake bado mazuri. Aliisogeza dirishani. Mwimbaji hakumshughulisha hata kidogo.

"Hii si 'Wema hauozi'?" akaniuliza. "Tulivaa sare sisi, harusi ile." Akaanza kuwataja waliokuwa na leso hiyo, mmoja mmoja, wengi wao wametangulia mbele ya haki, mpaka akafika kwa mmoja akanyamaza, akaitazama tena. "Ndiye. Mtazame anavyosimama, mguu mmoja mbele. Ndivyo alivyokuwa akisimama hata jikoni."

Nikampa simu aione na ile iliyosafishwa.

"Huyu simjui, mwanangu."

Mimi sipingi kurekebisha. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimekuwa nyekundu kwa sababu wino wa samawati hufa kabla ya wenzake. Kuirudisha samawati hiyo kwa kompyuta ni haki, maana ilikuwepo. Unyoya ulionasa kwenye negativu wakati wa kuskani, utoe. Mkwaruzo wa kucha, utoe ukipenda. Mpaka wangu ni pale unapoacha kurudisha ukaanza kuongeza. Ukishaongeza, basi iandike chini ya picha kwamba imeongezwa, isije baada ya miaka ishirini mjukuu wa mtu akaamini bibi yake alikuwa na pete.

Na kazi ya kweli ya kuokoa picha ipo, haina mng'aro tu. Pwani hii unyevu unakula filamu: hewa yenye maji mengi huotesha kuvu, na filamu za zamani zikianza kunuka siki ujue zinaoza na usizichanganye na nzima. Ziweke kwenye bahasha za karatasi, boksi likavu, mbali na ukuta wa chumba cha kuogea. Skani kwa kiwango kikubwa. Negativu ya milimita 35 kwa nukta 4,000 kwa inchi inakupa zaidi ya pikseli 5,000 kwa upana, na hapo mlango wa gari na jina la leso vinasomeka bila kubuni. Faili hiyo ya kwanza isiguswe na mtu. Kisha kaeni na wazee waandikishe majina. Bhalo na Waldegård wote wawili wametutoka 2014, na hao angalau wameandikwa magazetini. Mpiga tabla wa Shela nani alimwandika?

Niongeze moja ambalo wenzangu wa pwani watanielewa haraka. Picha za harusi zilipigwa ndani ya sitara. Mwanamke aliyenikubalia wakati ule alimkubalia mpiga picha wa shughuli, hakuukubalia ulimwengu mzima. Za wanawake siziweki mtandaoni, hata iwe nzuri vipi. Nazipeleka kwa familia, kwa mkono. Ile ya mama anayetunza nimeieleza kwa sababu uso hauonekani, na kwa sababu binti yake ameniruhusu baada ya kupata nakala yake.

Mpwa wangu sasa ndiye anayeskani, na anafanya vizuri kuliko mimi. Tumefika boksi la Taita. Kama ulikuwa kule Pasaka mojawapo kati ya 1984 na 1986, ukasimama kwenye kona yenye mbuyu na Celica ikakupita ikifuatwa na gari jingine ndani ya vumbi, niandikie unieleze lile la nyuma lilikuwa la nani.