Mfalme Arthur na lile barafu la Wembley

Ukiitaja tu ile albamu ya mpiga kinanda Mwingereza Rick Wakeman ya 1975, The Myths and Legends of King Arthur and the Knights of the Round Table (jina refu kama treni ya mizigo, ni hekaya za Mfalme Arthur wa Uingereza ya kale na mashujaa wake), watu wanarukia habari ya barafu. Maana jamaa aliipiga laivu ukumbi wa Empire Pool pale Wembley, London, siku tatu, bendi, okestra, kwaya, vyote ndani, halafu mashujaa wa Arthur wanateleza na viatu vya skeiti wamevalia kivita. Ukumbi ulijaa, yeye akala hasara, na mpaka leo shoo hiyo ndo fimbo ya kuwachapia watu wa roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu na ngumu, kwamba mbwembwe zilizidi ndo maana vijana wa punk, roki fupi ya fujo, wakaja kuwafagia.

Sawa, ila shoo ni shoo na albamu ni albamu. Albamu ilitoka kama miezi miwili kabla ya hayo mateleza, na ilianzia hospitali. Mwaka 1974 Wakeman alipata shambulio la moyo, ana miaka 25 tu jamani, na akiwa kitandani ndo akaanza kuandika "The Last Battle", wimbo wa mwisho, ule wa kifo cha mfalme. Mi nikishajua hivyo siwezi tena kuusikia kama makelele ya mtu anayejisifu, kinanda pale kinaenda taratibu, kinaaga.

Lakini wanaoponda nao hawajakosea sana. Kuimba ndo kunaiangusha. Mashairi yanakusimulia fulani kafanya hivi, fulani kafanya vile, kama muhtasari wa darasani, na waimbaji wanalazimisha sauti mahali ambapo hakuna cha kulazimishia, mi "Sir Galahad" huwa naruka kabisa. Tofautisha na "Merlin the Magician", karibu dakika tisa ambazo kazi yote inafanywa na vidole, mara polepole kama mzee anawaza, mara kibodi zinakimbizana, mara piano ya kilabuni kabisa, na yule mchawi unamwona bila kuambiwa chochote. Na "Lady of the Lake" ni kwaya tupu, haifiki hata dakika moja, inatosha.

Halafu kuna hili linanichekesha. Muziki huohuo unaoitwa wa kujikweza, BBC waliuchukua, ile mada ya "Arthur", wimbo wa kwanza, wakauweka kwenye matangazo ya matokeo ya uchaguzi kuanzia 1979, yani Waingereza wamesubiri kujua nani anawatawala huku wanapigiwa upanga wa kwenye jiwe, ule Arthur aliouchomoa akawa mfalme.

2016 akairekodi upya akairefusha karibu mara mbili na kuipiga ukumbi wa O2 London, safari hii bila barafu. Mi nimebaki na ile ya kwanza, naanzia "Merlin" naenda moja kwa moja mpaka vitani.