Mradi wa miezi sita haufungi mirathi

Mavuno yakishaingia ghalani, vijiji vya Dodoma huanza kupokea wageni wa msaada wa kisheria. Hema linasimama karibu na ofisi ya kijiji, spika zinafungwa, wanasheria wanaketi mezani na watu wanapanga foleni. Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilipozinduliwa hapa Dodoma mwaka 2023, mikutano ya namna hii imezoeleka, na mtu aliyekuwa akiliogopa hata neno mahakama anathubutu kukaa mbele ya mwanasheria na kueleza yaliyomsibu. Hilo ni jema sana. Ninachopinga ni bajeti ya mradi inayomalizikia kwenye siku ya mkutano, hema likishang'olewa hakuna shilingi ya kumfuatilia aliyekuja.

Chukua mjane mwenye shauri la mirathi. Mume amefariki, shamba ni ekari sita, na shemeji ameshaanza kulima upande mmoja. Ushauri mezani hauzidi dakika kumi na tano: nenda ukafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Atatakiwa cheti cha kifo. Kifo hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, lakini aliyefia nyumbani kijijini mara nyingi hakuandikishwa popote, kwa hiyo mama anaanzia kwa mtendaji kuomba barua, kisha anakwenda wilayani. Kisha kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wenye sahihi. Hapo shemeji anagoma kusaini, na mama asiyejua anarudi nyumbani akidhani mambo yameisha. Hayajaisha, mwenye pingamizi ana nafasi ya kulitoa mahakamani na likasikilizwa, na kugoma kwake hakuufungi mlango. Ndipo inajazwa fomu namba 1 ya maombi ya usimamizi, tangazo linabandikwa, siku ya kusikilizwa inapangwa. Akiteuliwa msimamizi, ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5, na baadaye hesabu za mirathi kwa fomu namba 6, ndipo mirathi ifungwe. Anayeishia njiani anabaki na karatasi ya usimamizi mkononi, na shamba bado linalimwa na shemeji.

Sasa linganisha safari hiyo na mradi wa miezi sita unaoanza Januari. Fedha zinafika Februari, watu wako palizini, makorongo ya Bahi yamejaa na gari halipiti. Mkutano wa kwanza unafanyika Aprili. Mama akihangaikia cheti na kikao cha ukoo, Juni imekwisha, na mradi nao umekwisha kabla hata fomu namba 1 haijapokelewa. Ripoti itaandika idadi ya waliofikiwa, naye atahesabiwa humo. Mfadhili anayetaka mirathi zifungwe atoe miezi kumi na minane, na mikutano aipange kati ya Juni na Oktoba.

Kikwazo kinachoonekana kidogo na kinachokula muda mwingi ni jina. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mariamu, cheti cha ndoa kinasema Maria, na kwenye daftari la kijiji ameandikwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Karani anarudisha karatasi. Inahitajika hati ya kiapo ya kuthibitisha kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja, na kamishna wa viapo, yaani mwenye mamlaka ya kumwapisha mtu, hapatikani kila kata. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni kama kilomita 160. Kwa mama anayeuza kuku mmoja kupata nauli, kiapo hicho kinaweza kuahirishwa mwaka mzima.

Anayeweza kumsukuma mama huyu hatua kwa hatua ni msaidizi wa kisheria, asiye wakili, anayeishi katani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua, inamtaka atoe huduma bure, na haimruhusu kumwakilisha mteja mahakamani. Ni sawa kabisa. Lakini ukimkataza kumtoza mteja na wewe mfadhili usimpe nauli, umemwambia alipie haki ya jirani kutoka mfukoni mwake. Atafanya hivyo miezi mitatu. Baada ya hapo ataacha, au ataanza kuomba "ya soda", na imani yote ya kijiji inaondoka naye.

Kwa hiyo bajeti ihesabiwe kwa faili, yaani kwa kila shauri la mteja. Kila faili lipewe nauli za safari nne za mteja na mbili za msaidizi, fedha za nakala, kiapo na ada inapohitajika, pamoja na vocha ya simu. Punguzeni fulana, mabango na posho za wageni wa meza kuu. Fedha za mafaili zitapatikana hapo hapo.

Mashauri ya ardhi yana tatizo lake. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kipeperushi cha kabla ya hapo kikiendelea kugawiwa, kinamkalisha mtu akisubiri hukumu isiyokuja. Kuchapa upya ni gharama ndogo mno.

Siku ya mkutano nayo ina mambo yake. Meza ya ushauri iwekwe mbali na foleni, hatua ishirini hivi, na mwenyekiti wa kijiji asikae karibu. Huenda ndiye aliyeligawa shamba linalolalamikiwa. Chemba kunahitajika mtu wa Kisandawe na wa Kirangi, Chamwino wa Kigogo, na kila mahali mkalimani wa lugha ya alama awe na fungu lake la malipo tangu mwanzo. Daftari la wateja libaki kwa msaidizi, lisilale ofisi ya mtendaji. Liwe na safu ya tarehe ya kurudi, na kwa asiye na simu liandikwe jina la jirani aliyemchagua mwenyewe. Mradi ukifungwa, mafaili yaliyo wazi yahesabiwe moja moja na kukabidhiwa kwa maandishi kwa taasisi nyingine iliyosajiliwa, na kila mteja aambiwe faili lake limekwenda kwa nani.