Leza ya Eksirei na Umbo la Protini: Je, Gharama Inastahili?

Mtambo wa LCLS ulipoanza kazi huko California mwaka 2009, ulikuwa leza ya kwanza kutoa eksirei za mawimbi mafupi kiasi cha kuonyesha atomi. Kila mpigo wake hudumu makumi tu ya femtosekunde, na femtosekunde moja ni sehemu moja kati ya milioni bilioni za sekunde. Fuwele ya protini, yaani molekuli zake nyingi zilizojipanga kwa utaratibu, ikipigwa hulipuka, lakini eksirei huwa zimeshatawanyika na kufika kwenye kinasa kabla atomi hazijawahi kusogea; mtawanyiko huo ndio unaotumika kupata umbo la protini.

Mitambo ya kawaida ya eksirei hudai fuwele kubwa, tena zilizogandishwa ili mionzi isiziharibu upesi. Protini nyingi, hasa za kwenye utando wa seli, hazikubali kukua hivyo. Leza hutosheka na fuwele ndogo mno, bila kugandisha. Mwaka 2013 ilisaidia kupata umbo la kathepsini B, kimeng'enya cha vimelea vya malale, kutokana na fuwele zilizokua ndani ya seli za wadudu. Nani angeyaita hayo anasa?

Wanaopinga gharama ya leza hizi nao wana hoja nzito. Mtambo wa Ulaya uliofunguliwa karibu na Hamburg mwaka 2017 una urefu wa kilomita 3.4, na mitambo ya aina hii duniani ni michache sana, hivyo kila saa ya kuitumia hugombewa. Sampuli nazo hupotea: fuwele hupitishwa katika mchirizi wa kimiminika usiokatika ilhali mipigo huja kwa vipindi, na nyingi hupita bila kuguswa. Wakati huohuo hadubini ya elektroni inayogandisha sampuli haihitaji fuwele kabisa, na programu ya AlphaFold hukisia umbo kwa kompyuta tu.

Kwa picha tuli, nakubaliana nao. Ila protini hufanya kazi kwa kusogea, na hapo ndipo ninapoitetea leza bila kusita. Chukua fotosistemu II, protini ya mimea inayotumia mwanga kupasua maji na kutupatia oksijeni tunayovuta. Kiini chake kina atomi nne za manganisi na moja ya kalisi, na eksirei za kawaida huibadilisha manganisi hiyo kabla picha haijakamilika. Kwa leza, mmweko wa mwanga huisukuma protini hatua moja mbele, kisha mpigo wa eksirei huinasa ilipofika.

Kweli, protini zinazoamshwa na mwanga si nyingi. Vimeng'enya vingi husubiri kemikali ivifikie, na katika fuwele kubwa kemikali hupenya taratibu kiasi kwamba molekuli hazianzi kazi kwa wakati mmoja. Fuwele ndogo hupenywa haraka zaidi, basi hata hapo leza ina nafasi yake. Wanaogawa saa za mitambo hii wawape kipaumbele wanaochunguza mwendo. Anayetaka umbo tuli aonyeshe kwanza kwamba hadubini ya elektroni imemshinda.