Lina Hewa Tu

Kiswahili chetu nacho kinachangia ajali. Kitu kisichokuwepo tunakiita hewa: mtumishi hewa, mradi hewa, ahadi hewa. Sasa mtu aliyekulia ndani ya lugha hiyo, ukimwambia tangi limejaa hewa, yeye anasikia halina kitu.

Mtu huyo ni mimi.

Niliazima kompresa ya shemeji, ile mashine ya kushindilia hewa, nipulizie geti rangi. Tangi la lita 50, limelala ubavu, mota mgongoni, magurudumu mawili nyuma na mguu wa mpira mbele. Ule mguu ulishakufa zamani, shemeji akafunga mahali pake kigurudumu kilichotoka kwenye kiti cha ofisi. Hicho kigurudumu usikisahau. "Shemeji," alinionya akinikabidhi, "kabla hujafungua chochote, toa upepo kwanza." Nikasema sawa shemeji, sawa, kwa ile sauti ya mtu ambaye mawazo yake yameshafika kwenye geti.

Kazi ilianza vizuri. Sehemu za chini nilizipulizia nikiwa nimelikalia tangi kama kigoda. Nilipofika nusu, bunduki ya rangi ikaanza kutema mate, puu, puu, matone ya maji katikati ya rangi, geti likaota vipele. Sababu nilikuwa naijua, na ujuzi wa nusunusu ndio ulioniponza. Hewa ina unyevu. Ukiishindilia inapata moto, ikija kupoa tangini unyevu unageuka maji na kutuama chini. Ndiyo maana kuna kikoki cha kumwagia maji, kwenye hili kiko chini kabisa ya kifuniko cha nyuma, na shemeji angekuwa anakifungua kila siku kama angekuwa mtu wa kila siku. Kilikuwa kimeganda kwa kutu. Nilikibana na koleo, koleo likateleza likala ngozi ya kidole.

Nikazima mashine. Nikachomoa waya ukutani, nikajiona bwana usalama. Nikafunga kirekebisha presha, nikabonyeza bunduki, ikapumua kidogo ikanyamaza. Nikatazama geji: sifuri.

Kompresa ina geji mbili. Moja husoma presha inayokwenda kwenye mpira wa bunduki, nyingine husoma presha ya tangi. Niliyoisoma ni ya mpira, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeifungia upepo dakika hiyo hiyo. Ya tangi isingenisaidia hata hivyo. Kioo chake kilikuwa kimefunikwa na rangi ya kijani, kazi ya mpiga rangi fulani wa asubuhi hiyo.

Nikapiga magoti nyuma ya tangi na spana. Kama kikoki hakifunguki, nikajiambia, kinang'olewa na nati yake. Robo mzunguko: ssss. Mwenye akili zake akisikia ssss nyuma ya kitu asichokiona, anaondoka. Mimi nilifurahi. Nusu mzunguko: ssssss, na mvua nyembamba ya kahawia ikanilowesha kiganja. Nati ikaanza kutetemeka ndani ya spana, mtetemo mdogo wa haraka, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti. Nikaongeza mzunguko mmoja.

Mlio wenyewe sikuusikia vizuri, kwa kuwa masikio yalifunga kazi mapema. Kitu kilipita karibu na sikio la kushoto, kikagonga ndoo, kikadunda, kikaenda zake. Nyuma yake yakaja maji yote ya kutu yaliyokusanywa tangu tangi linunuliwe, usoni, mdomoni, ndani ya kola. Nilipofumbua jicho moja, kompresa haikuwepo.

Ilikuwa inakwenda. Nilikuwa nimetoboa tundu nyuma ya chombo chenye magurudumu matatu, na upepo ukitokea nyuma, chombo kinakwenda mbele. Roketi haina siri nyingine. Ilikata sakafu ya saruji ikinguruma, kigurudumu cha kiti cha ofisi kikizunguka kama kimezaliwa upya, mpira ukiburutwa nyuma na bunduki ya rangi ikicheza huku na huku kama mkia. Hazikufika sekunde nne. Kisha ikalipiga geti kwa kichwa, ngwaa, pale pale ambapo rangi ilikuwa mbichi na haina kipele hata kimoja.

Mke wangu akatoka. Akanitazama mimi wa kahawia, akaitazama kompresa yenye pua ya kijani.

"Kuna nini humo?"

"Hewa tu," nikajibu.

Shemeji alikuja jioni. Alianza kwa kugusa lile tundu na kulifikiria. Nami nilipoligusa baada ya tukio lilikuwa baridi, kwa kuwa hewa inayotanuka kwa ghafla hupoa. Kisha akachukua kipande cha boksi na penseli. Geji ya tangi, tulipoikwangua, ina alama pale mota inapojizima: kilo 8, kama mafundi wanavyosema, yaani kila sentimita moja ya mraba inasukumwa kwa uzito wa kilo 8. Tundu langu lilikuwa na sentimita moja hivi ya mraba. Kifuniko cha tangi chenye kipenyo cha sentimita 30, akapiga hesabu, kinasukumwa kwa zaidi ya tani 5.

"Na wewe ulikuwa umelikalia," akasema.

Hewa iliyotoka ilikuwa lita 400 hivi, uzito wake karibu nusu kilo. Nishati yake ni kati ya kilojuli 30 na 60, kutegemea hewa inavyotanuka. Kwa kadirio la chini kabisa, inatosha kumnyanyua mtu wa kilo 80, ambaye ni mimi, mita 38 juu. Hapo nikakaa chini. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nishati hiyo hiyo haichemshi hata kikombe kimoja cha maji. Robo lita ya maji ya kawaida inataka kama kilojuli 80 ndipo ichemke. Kwa hiyo nilikuwa nimeshindwa na kikombe cha maji vuguvugu. Tofauti, alisema shemeji, ni kwamba kikombe hakikumwagii joto lake lote kwa sekunde tatu.

Akasema tangi litajazwa maji lipimwe, maana maji karibu hayashindiliki kabisa, na tangi likipasuka kwa maji linalowesha tu. Alipoanza habari za mitungi ya wapiga mbizi, lita 12 kwa kilo 200, nikamwomba tuishie hapo.

Geti limebaki na duara la bati tupu lenye ukubwa wa kichwa cha tangi. Nati tumeitafuta mpaka juu ya paa. Kila shemeji akija hunyoosha mkono na kudai nati yake, nami humjibu kwamba ile ilikuwa nati hewa.