Mwewe wa Betri

Punje za mpunga zikianza kujaa maziwa huku Mbarali, usingizi wa asubuhi ni anasa. Kwelea, ndege mdogo mla nafaka, ana gramu 20 hivi tu, lakini kwa siku anakula nafaka karibu gramu 10, na hajawahi kutembea peke yake. Wakitua milioni moja, hizo ni tani 10, yaani gunia 100 zimekwenda kabla jua halijazama. Makundi makubwa serikali huyapelekea ndege ya kunyunyizia sumu. Sisi wa ekari moja moja tunaamia, yaani tunawafukuza wenyewe, kwa dungu la kulindia, kombeo, debe bovu na utepe wa kaseti za zamani uliofungwa mti hadi mti, upepo ukipita unavuma.

Shangazi yangu ndiye bingwa. Alfajiri yuko dunguni, kanga imekazwa kiunoni, mabonge ya udongo yamepangwa miguuni. Matusi anayowapa ndege nayahifadhi, maana watoto wanasoma.

Mimi nikasema karne hii hapana. Nikachukua spika ya honi, ile ya kutangazia mnadani, nikaongeza betri na paneli ya sola, na kwenye memori nikatia mlio wa mwewe. Kuifunga nikamwita kijana wa bodaboda wa kijiweni, ndiye fundi wetu wa kila chenye waya. Akaunganisha simu yake kwa Bluetooth kuijaribu, ikalia, wote tukaruka. "Braza, hapa hata tembo hasogei," akasema, akapokea chake akaondoka.

Na kweli, mwewe alipolia mara ya kwanza kwelea waliinuka wote. Nikatandika mkeka chini ya mwembe. Tatizo likawa kuku wa jirani. Kila mlio, mitetea inakimbiza vifaranga uvunguni mwa kitanda, na haitoki. Mwenyewe akanijia na kikapu kitupu mkononi. "Baba, kuku wameacha kutaga. Huyo mwewe wako anakula lini akashiba, anyamaze?"

Kuku hawakuzoea. Kwelea wakazoea upesi, maana ndege naye ana hesabu zake: mwewe anayelia kutwa asishuke ni wa nini? Asubuhi moja nikakuta dume, mdomo mwekundu kabisa, katua kwenye ukingo wa honi. Mwewe anapiga kelele ndani, yeye anachambua manyoya ya kwapa, bawa moja juu. Wenzake wako kwenye masuke wanatafuna.

"Mwanangu," Shangazi akaita kutoka dunguni, "mwewe wako kapata wageni. Wakaribishe chai."

Wakati huohuo yule kijana akaleta unga wa Shangazi. Akaegesha pikipiki kwenye tuta, hatua chache na honi. Mwewe akakatika katikati ya mlio. Dada wa Kizungu akatangaza kitu ndani ya honi, kisha kimya. Simu ilikuwa imeikumbuka spika. Kijana hana habari, anafungua WhatsApp, anabonyeza meseji ya sauti, anaweka simu sikioni.

"WEWE MWANAUME!" Bonde zima likasikia. "HELA YANGU YA KIKOBA IKO WAPI? UMENIAGA UNAKWENDA MSIBANI, MSIBA GANI UNANYOLEWA KIDUKU?"

Kwelea waliinuka kwa mpigo, shamba langu na ya majirani. Dume wa kwenye honi aliondoka kinyumenyume.

Kijana anapapasa simu, badala ya kuzima anaongeza sauti. Na WhatsApp ina tabia moja: ikimaliza meseji inafuatisha inayofuata bila kuombwa. Zilikuwa zimepangana. Ya pili ilihusu godoro. Ya tatu ilimtaja mama mkwe, na watoto wa mashamba ya ng'ambo wakaacha makombeo wakapiga makofi. Akarukia pikipiki bila kudai nauli, sauti ikamsindikiza hadi ilipokatika kwenye "NA KESHO NITA..."

Shambani hapakuwa na ndege hata mmoja. Shangazi akashuka dunguni polepole, akajifuta udongo viganjani, akaitazama honi, akanitazama mimi.

"Huyo mama," akasema, "kwa siku anachukua shilingi ngapi?"