Kutembea Bila Kutumwa

Tarehe 8 Machi 2021, wakati wa korona, sisi tulio Uingereza tuliruhusiwa tena kuketi kwenye benchi. Msicheke. Kabla ya hapo ulikuwa unaruhusiwa kutoka kufanya mazoezi, na kuketi si mazoezi. Januari mwaka huo polisi wa Derbyshire waliwatoza wanawake wawili faini ya pauni 200 kila mmoja. Kosa lao? Walikuwa matembezini wamebeba kahawa, na kahawa ikahesabiwa kuwa pikiniki. Baadaye faini ilifutwa na polisi wakaomba radhi.

Kwa hiyo siku moja baada ya hapo nilipokaa na thamosi yangu ya chai kando ya mfereji pale Kirkstall, Leeds, nilijiona kama bibi harusi. Korongo wa kijivu alikuwa amesimama ukingoni, shingo ameikunja, anavizia samaki. Nilimtazama mpaka chai ikapoa. Mimi huyu, mzaliwa wa Nakuru, Kenya, ambaye flamingo nilikuwa nawakumbuka wageni wakija tu!

Na hapo ndipo donge linaponikaba. Flamingo wetu wako ndani ya uzio wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Langoni unalipa, na hata ukilipa huruhusiwi kuzunguka kwa miguu, sharti gari. Mtoto wa mtaa wa Bondeni, pale Nakuru, anakua na ziwa pale chini, na hajui maji yake yananukaje.

Matembezi ya bure nimeyajulia korona. Serikali ilisema toka mara moja kwa siku, nami nikatoka, maana chumba changu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mwanzoni nilienda mbiombio, mkoba begani, natafuta pa kufika. Pa kufika hapakuwepo. Kila kitu kilikuwa kimefungwa. Ndipo nikaanza kumwona mzee anayepaka mashua yake rangi, kijani ile ile juu ya kijani ile ile, na wala haendi nayo popote.

Nyumbani nani anatembea hivyo? Toka mtaa wa Section 58, Nakuru, saa kumi na moja jioni, mikono mitupu, uone. "Unaenda wapi?" Hapa tu. "Hapa wapi?" Kabla hujafika mtaa wa Free Area, mama yako ameshapigiwa simu kwamba una mawazo.

Najua mtakachosema. Huyu ameshiba. Watu wanatoka mtaa wa Kaptembwo alfajiri kwa miguu kutafuta kibarua, yeye anatuhubiria matembezi. Lakini si ndilo ninalolisema? Nakuru nzima inatembea na hakuna anayefurahia. Tunatembea kwa kukosa nauli, na nauli yenyewe ilipaa wakati wa korona, matatu zilipoamriwa kupunguza abiria. Penye njia ya miguu, pameegeshwa nduthi, yaani bodaboda. Tarehe 26 Machi 2021 ninyi wa Nakuru mkafungiwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos, kafyu ikawa saa mbili usiku, na ukichelewa mlijua wenyewe kinachofuata. Wale wa kahawa waliombwa radhi. Nakuru nani ameombwa radhi?

Wala msidhani nawasifu Waingereza hawa. Majira yote ya baridi, aliyenichangamkia kwenye mfereji ule alikuwa mbwa. Watu walikuwa wanakupisha mita mbili, na wapo waliokuwa wakikupisha hivyo hata kabla ya korona. Kutoka kwetu hadi soko la Top Market ningechelewa kwa salamu tu: huyu anauliza hali ya mama, yule ananiongezea ndizi, mwingine anakumbuka deni. Hilo silipati hapa kwa pauni yoyote. Lakini ni hao hao wanaotaka kujua naenda wapi!

Binamu yangu aliniandikia kwamba baridi imenipanda kichwani. Yeye mwenyewe, baa zilipofungwa, kila jioni alikuwa akipanda juu ya ghorofa ya ploti yao na kikombe cha uji, akitazama jua likizama mpaka mke wake amwite. Nilipomwambia hiyo ni starehe, alikasirika. Alisema huwa anaangalia kama tangi la maji limejaa.

Mama naye ameshatoa masharti. Nikija, nikitaka kuzurura mtaani jioni, nibebe kikapu, hata kiwe kitupu, watu wasije wakadhani wazungu wamenifukuza.